Kuni za Msiba wa Mama

Baba mdogo alipasua kuni za msiba wa mama yangu huku mama mwenyewe akimtazama dirishani. Alikuwa ameangusha mti uliokinga mibuni yetu na jua, bila kumuuliza mtu. Kila shoka lilipotua, mama alisema kwa sauti ndogo, "Mti wangu."

Hapo ni Nanyala, nyumbani kwetu, kando ya barabara kuu ya malori yaendayo Tunduma. Mwaka uliotangulia mama alikuwa ameondolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, akapona, akarudi shambani. Kisha akaanza kutokwa damu, ilhali hedhi ilikoma zamani. Tulipompeleka Mbeya, daktari aliona uvimbe kwenye shingo ya kizazi. Hakuketi hata kwenye kiti chake. "Imesambaa," alisema. "Mrudisheni nyumbani, mpeni anachotaka kula."

Neno hilo likaenea kijijini kama moshi wa nyasi mbichi. Wanawake wakaja na unga, wakaegemea ukuta, sauti zimeshushwa. "Alikuwa mkarimu sana," jirani mmoja alisema, kikombe cha chai ya mama kikiwa bado mkononi mwake. Nilimchukia. Nilimchukia kila aliyevua viatu mlangoni petu.

Mama peke yake hakukubali. "Lile la kwanza lilikuwa gumu kama kokoto na halikunitoa damu. Hili silijui. Nirudisheni wakalitazame vizuri."

"Shemeji," baba mdogo akasema, jasho la kuni likimtiririka, "saratani ni ile ile, imehama chumba tu. Tulia, ufie nyumbani kama mtu."

"Una haraka gani, shemeji? Au umeshasikia harufu ya wali wa msiba?"

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Baba mdogo akanigeukia mimi. "Akikufia njiani, usinipigie simu."

Asubuhi tulipanda basi. Mama alikaa juu ya khanga aliyoikunja mara nyingi, macho yake kwenye mibuni inayopita, hadi Mbeya.

Safari hii tulimpata daktari mwingine, binti mdogo kuliko mimi, aliyemtazama mama usoni kabla ya kutazama faili. Alikata kinyama kwenye uvimbe ule, akaagiza kipimwe na kulinganishwa na kile cha titi. Tukalala kwa ndugu, tukasubiri. Majibu yalipotoka alivuta kiti karibu.

"Mama, hizi ni saratani mbili. Ile ilianzia kwenye titi, na hii imeanzia hapa hapa ilipo. Hazina undugu. Na hii haijatoka nje ya shingo ya kizazi."

"Maana yake?"

"Maana yake inatibika. Ila kwa njia yake, siyo kama ile."

Mama alicheka hadi akashika kovu la kifuani. "Mwanangu, sikujua mtu anaweza kufurahi kuambiwa ana magonjwa mawili!"

Kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha. Alipelekwa Dar es Salaam kwa mionzi. Alitapika, aliharisha, alichukia harufu ya chakula na harufu yangu pia. Alirudi Nanyala amekonda, shingo imekuwa ndefu, lakini akishuka garini kwa miguu yake.

Kuni zilikuwa bado zimepangwa ukutani.

Baba mdogo alikuja kusalimia, amevaa koti la kanisani. "Shemeji! Mungu mkubwa!"

Mama alimwonyesha kuni kwa kidevu. Baba mdogo akazibeba hadi jikoni, koti likichafuka, akazisukuma mafigani. Mama akapuliza moto, akabandika maji ya kuoga, akaangalia ndimi za moto zikipanda.

"Zimekauka vizuri," alisema. Kisha akamkabidhi mche uliokuwa ndani ya kopo kando ya mlango. "Sasa nenda kapande mti wangu."

Alichimba peke yake, jua la mchana likimpiga, pale pale kivuli kilipokuwa. Jembe lilikuwa karibu yangu. Sikumsaidia.