Dawa ya Malaria ya Binti Yangu Ilitupwa Chooni Kisumu

Admin, nifiche tafadhali. Garissa ni ndogo na maziwa ya ngamia ninayouza yanajulikana. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa. Shule niliachia darasa la sita, lakini watoto nimelea, wallahi, mpaka majirani wananiuliza nawalisha nini. Na huyu kifungua mimba wangu ndiye usiseme: mrefu, mpole, Kurani ameihifadhi, na shuleni aliwapita wavulana wote wa darasa lake. Alipoolewa mwaka jana nililia kwa furaha. Sasa nalia kwa hasira.

Kulikuwa na harusi ya ndugu za mume wake Kisumu. Wakapanga kwenda yeye mume, binti yangu na mama mkwe, wakae huko wiki kadhaa. Mimi ndiye niliyesema waanzie hospitali, maana sisi wa kwenye ukame malaria ya kule ziwani ikitushika inatuangusha vibaya. Daktari akawapa mke na mume vidonge vya kuzuia malaria, wameze kabla ya safari, kila siku wakiwa huko, na hata wakirudi wasiache mpaka viishe. Mama mkwe alikataa kwenda hospitali. "Nimeze dawa na siumwi?"

Huko Kisumu, nyumba imejaa wanawake wa harusi, mama mkwe akafungua begi la binti yangu kutafuta uunsi wa kufukizia nguo. Akaviona vidonge, akaviinua juu.

"Hivi unameza kila siku?"

"Ndiyo, eedo. Ni vya kuzuia malaria."

"Malaria unayo?"

"Sina."

"Basi! Mke asiyeumwa anameza dawa moja tu kila siku, na sote hapa tunaijua. Ndiyo maana mwaka umeisha tumbo bado ubao!"

Wanawake wakacheka. Vidonge vikaenda chooni. Binti yangu akanyamaza, kwa sababu nilimfunza asijibizane na mkwe. Hayo ndiyo malezi niliyokuwa najivunia.

Hawakukaa sana tangu warudi, homa ikampiga. Akatetemeka, akaanza kuniita kwa jina la marehemu nyanya yake. Hospitalini wakasema malaria imepanda kichwani. Nilimshika mkono nikasoma Yasin mpaka sauti ikakauka. Alhamdulillahi amepona, ingawa akisimama bado anashika ukuta. Mama mkwe yeye hakuumwa hata kidole. Labda mbu nao wanauogopa ule mdomo. Alikuja na biskuti kuniambia, "Abaayo, hii ni qadar ya Allah." Nikamjibu, "Qadar naiamini, lakini chooni ulikwenda wewe."

Nilidhani hasira yangu yote ni yake. Juzi nikamuuliza binti yangu, "Kwani mume wako hakuwa na vidonge vyake?"

Akainama. "Alikuwa navyo, hooyo. Kwenye mfuko wa shati."

Kumbe siku ile mume alikuwa amesimama mlangoni, akasikia yote! Yeye aliyekaa naye mbele ya daktari! Binti yangu akamwomba amnunulie vingine, akaambiwa asubiri mama atulie. Na kila asubuhi bwana akameza vyake na chai, mbele ya mama huyo huyo, hakuna aliyemuuliza anameza nini.

Nikamwita huyo mume. Akasema, "Mama, ningemwaibishaje mzazi wangu mbele ya wageni?"

"Na binti yangu ulimwona anapendeza akiaibishwa?"



Tangu atoke hospitali binti yangu yuko kwangu, na Ijumaa wazee wanakuja kumchukua. Mume amepata duka huko huko Kisumu, wanahamia. Nimesema haondoki mtu hapa mpaka huyo mume aseme mbele ya mama yake na wale wanawake kwamba dawa ile ilikuwa ya malaria. Anasema mambo yamepita. Dada zangu wanasema navunja nyumba ya mwanangu. Naye mwenyewe ameshakunja nguo: "Hooyo, nampenda, niache niende."

Wazazi wenzangu, niambieni, nimwachie au nimzuie? Vidonge vipya nitamnunulia mimi. Mume wa kumsemea nitamnunulia wapi?