Bi Ishbel Agoma Kushuka St Enoch

Senga Gilfillan aliendesha treni za chini ya ardhi za Glasgow kwa miaka ishirini na sita, na muda wote huo hakufika popote. Reli ile ni duara: unaondoka Govan, unapita stesheni nyingine kumi na nne, unajikuta Govan tena, uwe umezunguka upande huu au ule. Mumewe, Tam, alipenda kuwaambia watu kwamba mkewe ndiye dereva pekee mjini asiyeweza kupotea.

Treni mpya zilipoanza kuingia, Senga aliandika barua ya kustaafu. Zile kuukuu alizijua moja moja, ipi ina kelele kwenye kona na ipi breki zake zinataka kubembelezwa. Akiwa na miaka hamsini na tisa, hakuwa na hamu ya kurudi darasani. Akaenda kumweleza mama yake, akitarajia pongezi.

Bi Ishbel alikuwa na miaka themanini na sita, na aliishi hatua chache kutoka stesheni ya Govan. Tangu nyonga zimharibikie alitumia kiti cha magurudumu, na kwa miaka kumi na moja hakupanda treni. Lifti ya kumshusha ilikuwapo, ila mabehewa ya zamani hayakuwa na nafasi ya kiti chake. Mapya yanayo, alikuwa amesoma gazetini.

"Kwa hiyo," alisema, akiendelea kupaka siagi mkate wake, "umewabeba walevi wote wa mji huu miaka ishirini na sita. Siku mamako anapata nafasi, ndiyo siku unaacha?"

"Mama, madereva wako wengi."

"Hao wengi niliwazaa mimi?"

Kesho yake Senga aliiomba barua yake ofisini, akairudisha nyumbani.

Mwalimu wa treni mpya alikuwa Imrie, ambaye miaka ya nyuma Senga ndiye aliyemfundisha kazi. Katika jaribio la kwanza, kwenye mashine ya kujifunzia, mkono wa Senga ulikwenda penye breki ya zamani, ukakuta hewa tupu. Treni ya kwenye kioo ikapitiliza alama kwa behewa zima.

"Mwalimu," alisema Imrie kwa upole, "abiria wako wameshukia ukutani."

Senga alicheka pamoja naye. Lakini alipofika chumba cha kubadilishia nguo alikaa kitambo, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, akijiona mjinga kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

Tam alisikia habari hiyo jioni. Alichukua boksi la viatu, akachomeka kijiko mahali pa mkono wa breki, akaliweka mezani kando ya supu. Wiki mbili mfululizo Senga alikula kwa mkono mmoja huku wa pili ukisimamisha treni. Jaribio la pili alifaulu.

Jumanne moja ya Machi, Bi Ishbel alishuka kwa lifti akiwa amevaa koti la rangi ya haradali na rangi ya mdomo ya kutosha watu wawili. Tam alikuwa anamsukuma. Walikubaliana washuke stesheni ya St Enoch, wakanywe chai mjini. Senga aliing'oa treni taratibu kuliko siku yoyote, kama amebeba mayai.

Pale St Enoch, kwenye kioo cha kamera Senga alimwona Tam peke yake jukwaani, mikono juu, akibishana na mtu aliye ndani. Bi Ishbel alikuwa amefunga breki za kiti chake. Milango ilipokaribia kufungwa Tam akarukia ndani, na chai ikaahirishwa.

Walizunguka duara zima. Senga alipokabidhi treni Govan alikwenda mbio hadi kwenye lile behewa, akamkuta mama yake macho yamelowa, kidevu juu.

"Umeonaje, Mama?"

"Inateleza vizuri. Ila kona moja umeikata kwa pupa."

Senga akainama kumbusu, wakakaa hivyo mpaka mhudumu wa jukwaani akawaomba wasogee.

Jioni Bi Ishbel alimpigia Tam simu kumuuliza kama Alhamisi ana nafasi. Alitaka kuzunguka kwa upande wa pili.