Daftari Lisilo na Ukoo

Hadiyo Khalif alipoacha ukarani wa serikali mwaka wa tisini na mbili ili atunze wazee wasio na watu, Garissa nzima ilisema amerukwa na akili. Kakake alisema mabaya zaidi. Alimjia jikoni, akasimama mlangoni bila kuketi, akamwambia, "Walaal, dada yangu, unatuvua nguo. Wageni watasema sisi tunatupa wazazi wetu." Hadiyo alikuwa akimnywesha maziwa Ayeeyo Kaaha, bibi kizee ambaye hakuwa na undugu naye hata wa mbali, na kumnywesha mtu asiye na meno hakutaki haraka.

Huyo Kaaha ndiye chanzo cha yote. Ulikuwa mwaka wa ukame. Mifugo ilikwisha, watu wakamiminika mjini kutoka kila upande, wengine wakivuka mpaka kukimbia vita. Mahindi ya msaada yaligawiwa kwa orodha, na orodha ziliandikwa kwa koo. Hadiyo ndiye aliyezipiga chapa, kwa vidole vyake mwenyewe. Siku moja alimwona kupitia dirisha bibi kizee akitolewa kwenye foleni kwa kuwa mgao wa ukoo wake umekwisha. Bibi akaanguka, akainuka, akaenda foleni ya pili, akaulizwa babu zake, akasukumwa tena. Mara ya tatu hakuinuka. Hadiyo aliifunika taipureta yake, akatoka, akamshika mkono, akaenda naye nyumbani. Hakurudi ofisini, na sijasikia kwamba aliwahi kujuta.

Kaaha alileta mwenzake, mwenzake akaleta wengine, na mwaka haukuisha kabla hawajafika kumi na mmoja. Kina mama wa mtaa walimtafutia ghala la zamani la ngozi kando ya barabara ya mtoni. Likapigwa chokaa mara tatu mpaka harufu ikaisha, likaitwa Nyumba ya Rahma. Hapo mwanzo Hadiyo alidhani kutunza wazee ni huruma tu. Wapi! Mzee mmoja alioza mgongo kwa kulazwa upande mmoja, kila mtu akimhurumia na hakuna aliyemgeuza. Hadiyo alilia siku mbili, kisha akaenda hospitali, akakaa na wauguzi wiki nzima akiuliza maswali mpaka wakamchoka. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Aliweka zamu. Alitundika ubao wa saa za kugeuza wagonjwa. Akapanga siku ya kukata kucha, siku ya macho, na siku ya kuwaotesha wazee jua wapende wasipende. Kufikia mwaka wa tisini na sita alikuwa na vitanda ishirini na vinane na wafanyakazi sita, na hata kakake alianza kupita pale kusalimia, akijifanya ana shughuli jirani.

Juu ya meza yake palikuwa na daftari kubwa la jalada jeusi. Lilikuwa na jina, umri, ugonjwa na nambari ya kitanda. Ukoo haumo. Aliapa hautaandikwa maishani mwake, na aliyethubutu kumuuliza mzee mpya yeye ni wa akina nani alipewa ufagio akafagie uwanja mzima. Sheria ya pili ililetwa na mkasa. Mwaka wa pili wa nyumba hiyo walikuja wanaume wanne wenye marungu, wakimtafuta mzee wa ukoo waliogombana nao kisimani. Mlinzi, Gelle, aliwafungia lango, na yule mzee akashinda mchana kutwa chini ya kitanda, akitetemeka. Tangu siku hiyo mgeni hakuruhusiwa kuzunguka vitandani mpaka jina la anayemtafuta lionekane daftarini.

Zilikuwa sheria njema, sibishi. Wageni kutoka Nairobi walipokuja kuangalia, Hadiyo aliwaambia, "Mlango huu hauulizi ukoo," nao waliandika. Aliipenda sentensi hiyo. Nasema aliipenda kupita kiasi.

Mwisho wa mwaka huo wa tisini na sita, lori la mbuzi kutoka upande wa Mandera lilishusha mzee mrefu mwenye homa kali. Dereva alisema amemwokota njiani, hasikii, na abiria walikuwa wakimwita Dhegoole, yaani kiziwi. Hadiyo alimpigia kelele sikioni mara mbili, hakujibiwa. Akaandika: Dhegoole, miaka themanini hivi, homa na uziwi, kitanda cha kumi na tisa. Mzee akapewa maziwa, akaoshwa, akalala. Homa ilipoondoka alikuwa mtu wa maneno machache, na jina lilikuwa limeshamkaa. Huku kwetu jina la utani humkaa mtu kuliko shati. Wapo waliozikwa nalo.

Baada ya miezi mitatu, alikuja mwanamke mwembamba mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliitwa Raho. Alisimama kwenye dirisha la ofisi, akataja anayemtafuta, kama walivyo watu wetu, kwa babu zake. "Babangu ni Korane Maow Samatar. Tulipotezana mwaka wa tisini na moja, watu walipokuwa wakikimbia. Nimemtafuta kambini Dadaab, nimemtafuta Wajir. Nimesikia mna wazee hapa. Ni wa akina—"

"Abbaayo, dada yangu, hapa hatuulizi ukoo," Hadiyo alimkatiza, kwa upole. Alifungua daftari, akapitisha kidole ukurasa hadi ukurasa. Hapakuwa na Korane.

"Niruhusu niwatazame tu."

"Sheria hairuhusu. Jina halimo."

"Na kama amesahau jina lake?"

"Mtu hasahau jina lake, abbaayo."

Nje lori lilikuwa likipiga honi, na Raho alikuwa amechoka mno kubishana na mtu mpole. Akasema yuko Takaba, kule upande wa Mandera, anauza chai karibu na soko la mifugo, wakisikia lolote wamtumie habari. Kisha akaondoka. Kutoka dirisha lile hadi kitanda cha kumi na tisa ni hatua arobaini. Hadiyo alikuja kuzihesabu baadaye, mara nyingi.

Mtu aliyemjua Dhegoole vizuri zaidi alikuwa Wato, mhudumu Mborana kutoka upande wa Wajir, aliyekuwa akilala pale pale nyumbani. Wato hakujua Kisomali zaidi ya maziwa, maji na njoo, na yeye na Hadiyo walisemezana Kiswahili. Mwezi wa tano alimwambia, "Mama, yule mzee wa kumi na tisa kila alfajiri anasoma dua moja kwa kunong'ona. Ndefu. Kabla ya kusali na baada ya kusali."

"Wacha yeye, Wato," Hadiyo alisema, akijaza karatasi za dawa. "Wazee wanasema mambo mingi."

Ndipo ikaja ile mvua ya mwaka wa tisini na saba, ambayo hakuna aliyeiishi anayehitaji kukumbushwa. Tana ilifurika, barabara zikameguka, mbuzi na ngamia wakafa kwa maradhi. Nyumba ya Rahma ilikula mtama bila nyama wiki sita. Dhegoole alishikwa na kifua mwezi wa kumi na moja, akadhoofika haraka, mwishowe sauti ikamkauka.

Asubuhi moja Hadiyo alipita kati ya vitanda akikagua ubao wa zamu. Alimkuta Wato amepiga magoti kwenye kitanda cha kumi na tisa, mdomo sikioni mwa mzee, akisema kwa sauti ya juu, pole pole, kwa matamshi yake ya Kiborana: "Korane. Maow. Samatar. Guled. Warsame..."

Hadiyo akasogea kitandani. "Unasema nini, Wato?"

"Ile dua yake, mama. Sasa hawezi kusema. Mimi namsemea, asikose."

Haikuwa dua. Zilikuwa nasaba zake, baba hadi baba. Mzee aliyepoteza masikio, nyumba na watoto alikuwa akijikumbusha kila alfajiri yeye ni nani, asije akajipoteza yeye mwenyewe. Kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akijibu swali ambalo Hadiyo alikataa kuliuliza. Hadiyo alikaa kitako sakafuni, mbele ya wazee na wahudumu, akashika kichwa. Kisha akainuka, akainama kwenye sikio lile, akapaza sauti kadiri ya pumzi zake: "Raho!"

Mzee akageuza uso.

Siku hiyo hiyo Hadiyo alivuka matope mpaka kwenye duka la taar, ile redio ya masafa ambayo watu walisemea mji hadi mji, kila aliyemo dukani akisikia siri zako. Takaba ilipatikana kabla ya adhuhuri. Ilichukua saa nzima kumwita Raho kutoka sokoni. Hadiyo alieleza yote bila kujificha. Mlio wa redio ukakwaruza, kisha sauti ikaja, "Anakula?"

"Uji kidogo."

"Mwambieni asife. Niko njiani."

Hata mwenye redio hakumkumbusha Hadiyo kwamba dakika zake zimekwisha.

Lakini njia ilikuwa wapi? Malori yalikwama siku tano tano. Raho alipanda lori, akashuka, akatembea kwenye maji ya magotini, akapanda punda, akalala misikitini na kwa watu. Huku Garissa, Hadiyo alihamishia kazi zake kando ya kitanda cha kumi na tisa. Alimgeuza mzee mwenyewe, kila saa mbili. Kila alfajiri Wato alimsemea babu zake, na Hadiyo akaongeza mwishoni, kwa kelele, "Raho yuko njiani!" Mzee alikuwa akikunja vidole. Alisubiri siku kumi na sita. Siku ya kumi na saba, kabla jua halijawa kali, aliacha kusubiri.

Alizikwa siku ile ile kama inavyopasa. Raho alifika baada ya siku tatu, miguu imevimba, kitambaa cha chai kingali kiunoni. Gelle alifungua lango akaangalia chini, na Raho akajua.

Hadiyo hakujitetea. Alimpeleka dirishani, akamwonyesha aliposimama mwezi wa pili, kisha akatembea naye hatua zile arobaini mpaka kitandani. "Alikuwa hapa," akasema. "Ulikuja, nami nikakufukuza kwa sheria yangu. Kosa ni langu peke yangu." Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Raho alikaa kwenye kitanda kitupu. Akauliza, "Nani alimwosha?"

"Gelle, na wanaume wawili wa hapa. Hakuna hata mmoja aliye wa ukoo wenu. Hata wao kwa wao si wa ukoo mmoja."

"Na alipofika mara ya kwanza, mlimuuliza nini?"

"Hatukumuuliza kitu. Tulimpa maziwa."

Wato, aliyekuwa amesimama pembeni hajui pa kuweka mikono, alidhani labda ndio wakati. Akafumba macho akaanza, "Korane. Maow. Samatar. Guled. Warsame..."

Raho aliinua kichwa ghafla. "Mwambie arudie." Wato akarudia. Na hapo mwanamke yule, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu langoni, alicheka mara moja kwa sauti, kisha kicheko kikavunjika akalia kwa kwikwi, amemkumbatia Wato kiunoni. "Amemruka Hirsi!" alisema. "Baada ya Samatar ni Hirsi. Alimuuza ngamia wa mama yake, na baba hakumtaja hata siku moja. Sisi watoto tulikuwa tukimchokoza baba kwa hilo. Wallahi, ni yeye. Mlikuwa na babangu."

Jioni, Hadiyo alileta lile daftari jeusi pamoja na kalamu, akasema ataichana sheria yake, kuanzia kesho ukoo utaandikwa mlangoni. Raho alikataa. "Mlangoni, hapana. Mlangoni mlimpa maziwa. Mwacheni mtu ale, alale siku tatu kama mgeni yeyote, ndipo mumuulize, na mwandike mahali pengine. Lakini muulizeni."

"Umenisamehe?"

"Sijui," Raho alisema. "Andika."

Hadiyo alichukua daftari jipya, lisilo na neno. Raho alitaja, naye akaandika kwa mwandiko wake ule wa ofisini: Korane, Maow, Samatar. Hapo kalamu ikasimama. Akauliza kama Hirsi amweke.

Raho alitazama kitanda cha kumi na tisa.

"Mruke," alisema. Hadiyo akaacha mstari mmoja mtupu, akaandika Guled.