Neno Alilolijibu Hapana

Baba mkwe wa fundi cherehani mmoja alipopigwa na kiharusi, upande mzima wa kulia ulikufa ganzi na ulimi ukawa mzito. Mumewe alikuwa kazini mbali, kwa hiyo fundi alimpeleka mzee hospitali mwenyewe.

Asubuhi daktari mgeni, asiyejua Kiswahili, alipita wodini. Alimtazama mzee, akaigusa sahani ya chakula, kisha akamwuliza fundi jambo lililoishia na neno “assistance”. Kiingereza cha fundi kilikuwa cha kuokoteza. “Help” aliijua, hili refu lilimpita kama upepo. Akadhani anauziwa chakula cha ziada. “No, thank you,” akajibu kwa adabu, akawahi kwenye cherehani yake.

Kesho yake jioni alimkuta mzee macho yamezama.

“Dada, baba anakula kweli?” akamwuliza muuguzi.

“Sahani inarudi kama ilivyokuja. Tukajua hana hamu. Si ulimwambia daktari hahitaji assistance?”

“Ndiyo nini hiyo?”

“Msaada tu, mama. Ni help iliyovaa suti.”

Fundi hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Mtu ameshinda na njaa mbele ya chakula, mkono hauinuki, mdomo hauwezi kuita, na aliyesema asilishwe ni yeye.

“Baba, nisamehe. Waliuliza kama usaidiwe, nikasema hapana. Sikuelewa.”

Mzee aliyavuta maneno moja moja. “Mimi... hata ningeelewa... ningesema hapana.”

Fundi akachukua kijiko, akamlisha uji taratibu, akimfuta kidevu. Asubuhi alimsubiri daktari mlangoni. “Assistance, yes,” akasema, ulimi ukijikwaa. “Every day.” Daktari akaitikia kwa kichwa, na tangu siku hiyo mzee akalishwa.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mkono ulikuwa bado umelala. Maisha yake yote alikuwa mwashi, mtu wa kubeba matofali yake mwenyewe. Sasa akilishwa alifumba macho kama anayemeza shubiri. Fundi alimlisha, akarudi kushona.

Asubuhi moja alimsikia chumbani akihangaika na shati, akihema, akitulia, akianza upya. Alijizuia asiinuke.

“Mwanangu,” mzee akaita mwishowe, “hebu nisaidie kifungo.”

Akaacha kitambaa chini ya sindano, akaenda.