Mkwe Aliyetundikwa Juu ya Kitanda

Shangazi yangu amelazwa wodi ya wanawake hapa Tarime. Kwenye kitanda cha jirani yupo bibi mmoja aliyepungukiwa damu, na juzi nilimkuta nesi akimtundikia mfuko wa damu.

"Sista, hii damu ni ya nani?" bibi akauliza.

"Ya mkweo, mume wa binti yako. Ametoka kutoa, na imeshapimwa."

Bibi akavuta khanga, akajifunika uso wote, akageukia ukutani. Mkono akauficha tumboni. Huku kwetu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani, wala hawakai chumba kimoja.

"Mama, hii ni damu tu!"

"Yeye amekaa hapo juu, mimi nimelala chini yake. Heshima iko wapi? Iondoe."

Nesi akakimbilia dirishani. Mkwe mwenyewe alikuwa nje, pamba bado ameibana kwenye kiwiko, ameipa wodi mgongo. Alipoelezwa hakugeuka. Alipaza sauti kama anayeongea na miti:

"Nesi, mwambie mama mimi siko humo ndani. Mimi niko huku nje."

Khanga haikufunuka, lakini mkono ulitoka chini yake taratibu, ukanyooshwa.

Mimi udadisi ukanishinda. Nikamnong'oneza shangazi: sasa wale wawili wana damu moja, baada ya hapa wataitana nani?

Shangazi akanishangaa. "Si ni mkwe wake? Damu imeingia. Yeye abaki nje."