Siku Niliyomposa Mke Wangu Mbele ya Watu

Sina sababu ya kujificha, maana nusu ya mtaa wetu wa Bagira ilikuwapo na nusu nyingine ilihadithiwa kabla jua halijazama: mimi, Papa Ombeni, fundi cherehani wa soko la Kadutu, mtu mzima mwenye mvi, nilisimama mbele za watu kumposea mtoto wa marehemu kaka yangu, nikamposa mke wangu mwenyewe. (Chekeni kwanza, nitangoja.)

Miezi ile sikuwa mimi. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyenikosea, lakini kila asubuhi niliamka kama mtu aliyepandishwa mlima usiku kucha, chakula hakina ladha, na kibaya zaidi kichwa kikaanza kuvuja. Nakwenda soko la Nyawera kununua uzi, nafika, nasimama katikati ya watu najiuliza nimefuata nini. Mteja ananieleza suruali anayotaka, namtazama mdomo, maneno yananipita. Hata kuchagua shati, na mashati yenyewe mawili tu, kulinimaliza asubuhi nzima. Siku niliyokata kitambaa kizuri cha mwalimu mmoja nikamtolea suruali yenye miguu miwili ya kushoto, mke wangu Nsimire alichukua mkasi akauficha, akawa anakata yeye, mimi nashona tu.

Majirani walisema nimelishwa karuho (kwetu mtu akipungua kidogo tu, ni sumu), wengine walisema uvivu. Nsimire akanipeleka kituo cha afya, karibu kwa kunivuta shati, na muuguzi ndiye aliyetuambia kwamba ni dépression, kwamba huzuni ya namna ile ni ugonjwa, unaingia mpaka kwenye kumbukumbu, unafanya kufikiri kuwe kazi nzito, lakini akili haijafa, itarudi polepole. Nilimsikia. Nikamwambia Nsimire tusimwambie mtu.

Basi ikafika siku ya dot ya Aganze, mtoto wa kaka. Kwetu mahari haipelekwi kimya kimya: kila upande una msemaji wake, na hao wawili wanapigana kwa mafumbo mpaka binti aitwe, na msemaji akiteleza, ukoo mzima umeteleza. Tangu zamani msemaji wa kwetu ni mimi. Tena safari hii baba ya Neema, binti tuliyemfuata, alikuwa amesema wazi kwamba hampi mtoto wake kijana asiye na wakubwa nyuma yake. Na Aganze mkubwa aliyebaki naye ni mimi tu.

Asubuhi Nsimire aliniuliza, “Papa Ombeni, utaweza kweli? Tuache ndugu yangu aseme mu nafasi yako.”

“Mi niko bien, maman,” nikasema, eti mzima, na kila kitu kilichofuata kilizaliwa na jibu hilo.

Kwanza niliongoza msafara, akina mama wa sare wanaimba, mbuzi wanalia, makreti ya vinywaji vichwani mwa vijana, tukaingia tukicheza kwenye uwanja wa watu wengine, parcelle ambayo si yenyewe, ingawa nilishafika kwa kina Neema si mara moja. Tukamkuta mama mmoja anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alitutazama, akasema kwa upole, “Karibuni, lakini binti zangu bote banashaolewa.”

Tulipofika kwenyewe tumechelewa, na msemaji wao, Muzee Mushagalusha, akatutoza kreti moja ya bia kwa kuchelewa, watu wakacheka, akauliza, “Mulikuya kutafuta nini?”

Nikasimama vizuri kabisa. “Muzee, tulikuwa tunapita mu njia, tukaona ua mu bustani yenu...” Na hapo hapo, giza. Ua hilo linaitwa nani? Nilimwona Neema kichwani, sura yake, mwanya wake, gauni nililomshonea kwa mikono yangu, kila kitu isipokuwa jina. Sauti za watu zikawa mbali, kama nimezama majini. Nikapapasa jina lolote la mwanamke, na lilikuwa limebaki moja tu.

“Tunaomba mutupe Nsimire.”

“Nsimire ni nani mu hii nyumba?” akauliza Muzee Mushagalusha.

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikakaza: “Ni yeye! Tunamupenda sana. Hatutoke hapa bila yeye!” (Na ni kweli ya Mungu, ila haikuwa siku yake.)

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Lakini baba ya Neema hakucheka, alisimama. “Huyu muntu amelewa. Njo huyu mukubwa munaniletea?” Aganze akainamisha kichwa, mabega yakamwanguka, na hilo liliniuma kuliko kicheko chote.

Ndipo Nsimire akasimama, jambo ambalo halifanywi wakati wasemaji wanasema.

“Bazazi, munisamehe. Nsimire ni miye. Bwana yangu hakunywe kitu. Iko mugonjwa, kichwa yake inachoka, anasahau. Kuna siku hawezi hata kutoka mu kitanda. Leo alitoka, akavaa, akakuya, juu ya huyu mutoto. Kama huyo haiko mukubwa, mi sijue mukubwa ni nani.”

Siri yangu yote nje, mbele ya mbuzi na watu. Nililia, sioni haya kusema, nililia palepale.

Muzee Mushagalusha akakokota fimbo yake mpaka kwangu. “Muke yangu alipokufa,” akasema, “mi nilisahau mpaka majina ya batoto yangu. Simama hapa, tutasema pamoja.” Akarudi upande wake, akauliza, “Munatafuta nani?” akavuka tena kwangu, akakohoa, akajijibu kwa sauti yangu, akavuka akajikatalia, akarudi akajibembeleza, mpaka mwisho akajitoza faini mwenyewe na akagoma kuilipa. Watu walicheka wakashika mbavu, na safari hii nami nilicheka, mara ya kwanza baada ya miezi.

Baba ya Neema alipofuta macho, akanigeukia. “Papa Ombeni. Jina ya mutoto wangu ni nani?”

Nsimire alinishika mkono lakini hakuninong'oneza. Walisubiri, uwanja mzima, hakuna aliyenihimiza, hata watoto.

“Neema,” nikasema.

“Basi, mumubebe.”

Sasa Aganze na Neema wana binti, wamemwita Nsimire. Aganze anasema ni kusudi papa asikosee tena (mtoto hana adabu, huyo). Mimi kichwa kinarudi, polepole kama muuguzi alivyosema, kuna siku kinavuja bado. Ila niliapa kwamba “niko bien” sitaisema tena kama si kweli, Nsimire akiniuliza namwambia yote, hata chai ipoe.

Jana aliniuliza, nikajisikiliza kwanza, kisha nikasema, “Niko bien.” Alinitazama usoni muda mrefu, akaingia ndani, akanitolea mkasi.