Sabufa Haikuwa na Kosa

Niliuminya wimbo wa mama yangu mpaka ukaharibika, kisha nikaisingizia sabufa. Nakiri hapa kwa sababu nyumbani walishanisamehe, ingawa hawajaacha kunicheka. Hata leo nikikaanga karanga, zikianza kuchachatika kikaangoni, narudi moja kwa moja sebuleni kwetu Makutupora, nikiwa na miaka kumi na miwili.

Mama alikuwa ameimba ubeti mzima peke yake kwenye wimbo wa kwaya, na wimbo ukarekodiwa. Dada yake, Mama Mkubwa wa Kibakwe, ndiye aliyemfundisha kuimba tangu wakichunga mbuzi, lakini alikuwa hajausikia. Jumapili ile alikuwa anakuja. Mama alifua vitambaa vya makochi mara mbili.

Wimbo ulikuwa kwenye memori kadi yetu ya sabufa, umebanana na nyimbo zangu za kuchezea, nami nilitaka kuongeza nyingine. Kompyuta ya kaka ilikuwa na programu ya kupunguza ukubwa wa nyimbo. Nikaushusha wa mama mpaka chini kabisa, ule mzima nikaufuta. Maneno si yote yamo? Hata kuujaribu sikuujaribu. Uvivu wangu ulianza mapema.

Jumapili, baada ya shikamoo na chai, mama akabonyeza kitufe. Kwaya ikasikika kama imeinamia pipa la maji. Sauti ya mama ilipopanda, ikachachatika kama karanga.

"Vumbi hilo," baba akasema, akaipuliza sabufa. Akabadilisha waya. Akaisogeza mbali na friji. Nami mkosaji nikamshikia tochi, nikishauri, "Baba, labda spika imechoka."

Tabasamu la mama likaisha. "Basi tuache, dada. Utausikia siku nyingine."

Mama Eliya, jirani yetu, alikuwa kwenye kochi na bakuli la karanga za Kibakwe. "Hebu wekeni wimbo mwingine," akasema.

Wangu ukalia safi, vikombe vikatikisika.

"Sabufa nzima hiyo!" akasema Mama Eliya. "Ugonjwa umo kwenye wimbo. Nani kaugusa?"

Nikazima tochi, nikasema yote.

Ahueni ni kwamba mama alishamrushia Mama Eliya ule wimbo mzima. Ila kadi ilikuwa imejaa, ikabidi nifute nyimbo zangu, moja moja, wote wakinitazama. Kadi ikahamia kwenye simu ya mama, simu yake na ya Mama Eliya zikalazwa mezani pua kwa pua ili wimbo urushwe tena, tukakatazwa hata kukohoa.

Kadi ikarudi kwenye sabufa, na safari hii Mama Mkubwa alisikiliza akiwa amefumba macho. Ubeti ulipopanda, kidole chake kikapanda nao. "Umeuweza, mdogo wangu," akasema, na mama akacheka kama msichana.

Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba kompyuta ilitupa vile vidogo ilivyodhani hakuna atakayegundua vimepotea: pumzi kabla ya ubeti, mtetemo kidogo wa koo. Mama Mkubwa alikuwa amesafiri kutoka Kibakwe kuvisikia hivyo hivyo. Na vikishatupwa, havirudi hata upulize sabufa mpaka mashavu yaume.

Lakini siku ile maelezo niliyapata kwa ufupi zaidi. Mama Eliya alimenya karanga, akanitazama kutoka juu hadi chini:

"Nyimbo za kukatia mauno umeziacha nzima, Sechelela, ukaona wa kuminywa ni mama yako."